Nimeshalipa nusu ya mashine ya maji, mume wangu hajui

Shikamoo dada. Naomba usiandike jina langu wala mtaa ninaokaa, we sema tu niko Dodoma inatosha.

Nina miaka 36, nimeolewa, tuna watoto watatu. Tulihamia huku 2019 ofisi yangu ilipohama kutoka Dar, tukapanga kwanza, baadae tukajenga kwa kujibana sana, tukaingia ndani hata rangi haijapigwa. Maji ya bomba kwetu yanakuja kwa mgao kwa hiyo tumejiunga na kisima kirefu cha jirani, yanapandishwa kwenye simtanki la lita 2,000 juu ya mnara wa kama mita nne hivi, ndo yanashuka ndani.

Sasa dada haya maji ndo yamenifikisha hapa. Sabuni haitoi povu, unasugua mche mpaka mkono unauma, nguo nyeupe za shule zimekuwa rangi ya vumbi. Vikombe nikivikausha vinabaki na ukungu. Chai ukiiacha dakika mbili inaota ngozi juu. Maharage nachemsha asubuhi hadi mchana bado yanagonga, mkaa unaisha. Shawa vitundu vyote vimeziba vimebaki vitatu ambavyo vinarusha maji ukutani. Na hita, hiyo ndo imenimaliza, ya kwanza ilikufa baada ya miezi 14, ya pili miezi 11. Fundi alipoichomoa koili nilishtuka, imevaa gamba jeupe nene kama kidole gumba, ukiligonga linalia kama kigae. Nimeifunga kwenye gazeti iko chini ya sinki mpaka leo, sijui hata kwa nini sijaitupa.

Ila kinachoniumiza zaidi ni mwanangu wa mwisho, ana miaka 6, ngozi yake imeharibika kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, usiku anajikuna mpaka shuka linakuwa na damu. Tukiwa Dar hakuwa hivi. Na mimi nywele za mbele zinakatika.

Mwezi wa tatu nikapata fundi anayefunga mashine za kulainisha maji, zile zenye mtungi mrefu na ndoo ya chumvi pembeni. Akaja na kalamu yake ya kupimia akaichovya kwenye glasi ikasoma 1,150, akaniambia dada ugumu wa maji yako ni 1,150, hii ni hatari, ukifunga mashine utakuwa na maji matamu kama ya chupa, ngozi ya mtoto itapona na hata presha ya maji itakuwa nzuri. Bei milioni 3 na laki 8 pamoja na ufundi.

Nikamwambia mume wangu. Akasema hapana, hela iliyopo ni ya bati za nyumba ya mama kijijini, tulishaahidi kabla ya mvua. Ni kweli tuliahidi. Lakini mama mkwe wangu anaishi na sisi hapa tangu mwaka jana kwa sababu ya presha yake na hospitali, hiyo nyumba ya kijijini kwa sasa hailali mtu. Nilipojaribu kusema hivyo mbele yake, mama akajibu taratibu tu, "sisi tulikuwa tunachimba mchanga mtoni tunasubiri maji yachuruzike, na huyo mumeo alikua kwa maji hayohayo." Akanyamaza. Tangu siku hiyo hanisemeshi vizuri. Na kuna jambo ananikera nalo, akitaka kufua anachukua ndoo anatia majivu ya jikoni anaacha yatuame, ndo anachota ya juu anafulia, bafu langu lote majivu, nikimwambia mama hapa kuna sabuni ya unga ananiangalia tu.

Sasa kosa langu. Nilikopa milioni 2 kwenye kikoba, nikamlipa fundi milioni 1 na laki 9. Mume hajui. Marejesho kila Jumamosi. Fundi anasema mashine imeshaagizwa Dar, hela hairudi, na anataka iliyobaki mwisho wa mwezi huu aje kufunga. Nilikuwa nimejipanga mume akisafiri kikazi ndo ifungwe, akirudi akute maji mazuri atanielewa. Lakini usingizi sipati. Nikimwambia sasa hivi naogopa, nikinyamaza naogopa zaidi, nikimwacha fundi hela imepotea. Nifanyeje dada yangu?

Mama wa watatu, Dodoma

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona maji, ya pili nikaona hela, ya tatu nikamwona mama na ndoo yake ya majivu, na hapo ndo nilikaa muda mrefu zaidi, nitakwambia kwa nini.

Nikikuelewa vizuri uko hivi: una maji yanayokuharibia vitu na kukuchosha, una mtoto anayeumwa na unaamini maji ndo chanzo, umefanya uamuzi wa hela peke yako baada ya kukataliwa, na umebakiwa na siku chache kabla ya uamuzi huo haujawa bomba lililofungwa ukutani. Na katikati kuna ahadi ya bati. Kwanza niseme shida yako ya maji hujaitunga. Maji ya visima vya Dodoma yanasifika kwa hilo miaka mingi, yanapita kwenye miamba na udongo yanabeba kalisiamu na magnesiamu, huo ndo ugumu wa maji, ukiyachemsha ile kalisiamu inaganda inakuwa jiwe, ndo hilo gamba kwenye koili. Ngozi juu ya chai ni hiyohiyo. Maharage kugoma kuiva ni hiyohiyo, kalisiamu inakaza ganda la punje. Hita mbili ndani ya miaka miwili na kidogo ni hela nyingi na una haki ya kuchoka.

Lakini kuna mambo kadhaa umeyachukua kama yalivyo kwa sababu fundi kayasema kwa uhakika, naomba tuyaguse taratibu.

Ile kalamu haipimi ugumu wa maji. Inapima kila kilichoyeyuka ndani kwa ujumla, chumvi ya kawaida imo, kalisiamu imo, vyote. Kwa hiyo 1,150 inakwambia maji yako yana vitu vingi, haikwambii vingapi ni vile ambavyo mashine inaviondoa. Hii ni muhimu kwa sababu maji magumu na maji chumvi ni vitu viwili japo sisi tunaviita jina moja. Mashine hiyo ndani ina punje ndogondogo zinazoitwa resini, maji yakipita punje zinashika kalisiamu na magnesiamu, zinaachia sodiamu badala yake. Zikijaa, mashine inazisuuza kwa maji ya chumvi kutoka kwenye ile ndoo, zinaanza upya. Ni kubadilishana tu. Kama maji yako yana ladha ya chumvi leo, yatabaki na ladha hiyo, na kalamu ya fundi ukiichovya baada ya mashine itasoma karibu vilevile. Ya kufanya maji matamu kama ya chupa ni mashine ya aina nyingine kabisa, ile ya kusukuma maji kwenye chujio laini sana, nayo inamwaga maji mengi kupata kidogo. Wala floridi, yale madini yanayoharibu meno yakizidi, mashine hii haiiondoi, na hilo nalo ni jambo la kuulizia huko kwetu katikati ya nchi.

Halafu presha ya maji. Umesema mnara wako ni mita nne. Kila mita 10 za kimo zinakupa presha ya baa 1 tu (baa ni kipimo cha presha), kwa hiyo wewe una kama nusu baa, na mashine nyingi za namna hii zinahitaji zaidi ya mara mbili ya hapo ili zifanye kazi na kujisuuza. Ukifunga hivihivi shawa itazidi kuwa dhaifu. Maana yake utahitaji pampu, na pampu inataka umeme. Je, pampu imo kwenye ile milioni 3 na laki 8? Na chumvi? Tuseme ugumu wako ni miligramu 400 kwa lita na nyumba yenu inatumia lita 600 kwa siku, mashine yenye lita 25 za resini itajisuuza kila baada ya siku tano hivi, kila mara inakula kama kilo 3 za chumvi na kumwaga lita mia moja na ushee za maji. Hayo ya kumwaga ni chumvi kali usiyaelekeze kwenye mchicha wako wala mti wa kivuli, utaua. Sisemi haya kukukatisha tamaa, wapo watu wanaishi nazo vizuri kabisa na hita zao zinadumu. Nasema kwa sababu bei uliyopewa ni ya siku ya kwanza, nawe una marejesho kila Jumamosi.

Mtoto sasa. Hapa naenda polepole kwa sababu najua ndo ulipokopea. Maji magumu yanakausha ngozi na sabuni inabaki mwilini haisuuziki vizuri, hilo lipo, na hata sehemu zenye maji magumu watoto wenye ukurutu, ugonjwa wa ngozi kavu inayowasha, wameonekana kuwa wengi zaidi. Ila Uingereza walijaribu kitu hichohicho unachotaka kufanya, walichukua watoto 336 wenye ukurutu, baadhi wakafungiwa mashine ya kulainisha maji nyumbani kwa wiki 12, matokeo yakatoka 2011: hawakupona zaidi ya wale waliotumia dawa zao za kawaida tu. Haimaanishi mwanao hatapata nafuu hata kidogo, kila ngozi na yake. Ila naogopa usije ukaweka milioni karibu nne kwenye tumaini ambalo kazi yake ingefanywa na daktari wa ngozi, mafuta mazito ya kupaka mara baada ya kuoga mwili ungali mbichi, na kupunguza sabuni yenye harufu. Umeshampeleka? Hukusema. Na Dar pia hewa ina unyevu, Dodoma ni kavu na vumbi, hilo nalo lina lake.

Kuna mtu mmoja humo ndani ambaye mashine inamgusa moja kwa moja na hukumtaja upande huo. Mama ana presha. Nimekwambia resini inaachia sodiamu. Kwa ugumu ule wa 400 niliotolea mfano, kila lita inaongezewa kama miligramu 184 za sodiamu, akinywa lita mbili ni sawa na sodiamu iliyomo kwenye karibu gramu 1 ya chumvi, na Shirika la Afya Duniani (WHO) wanashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yani kijiko kimoja cha chai. Hataisikia mdomoni. Watu wengi wanalitatua kwa kuacha bomba moja la jikoni lisipitie kwenye mashine, maji ya kunywa na kupikia yanabaki yalivyo, na kuyanywa magumu hakuna ubaya unaojulikana, kalisiamu na magnesiamu mwili unavitumia. Maharage yatabaki na ukaidi wao lakini mama atakuwa salama. Kwa fundi ni kazi ndogo kama akiambiwa mapema, kabla hajakata bomba.

Nirudi kwenye ile ndoo. Mdogo wangu, unajua mama anafanya nini na majivu? Analainisha maji. Majivu yana kabonati, ikikutana na kalisiamu inaigandisha inazama chini, ndo maana anasubiri yatuame na anachota ya juu. Ndo kazi ya mashine yako kwa njia nyingine, na kanuni ya kutia magadi kwenye maharage ni hiyohiyo. Kwa hiyo yule mama uliyedhani anakataa maji mazuri kwa ubishi, amelijua tatizo hili kabla yako na ana dawa yake ya mikono. Uliposema mbele yake kwamba nyumba yake hailali mtu, nadhani hakusikia habari za maji kabisa. Alisikia kwamba hana pa kurudi. Mtu mzima aliyeletwa mjini kwa ugonjwa anaihesabu ile nyumba kila siku hata kama hailali mtu. Naweza kuwa nimekosea, simjui. Lakini ningekuwa wewe ningemuuliza siku moja anapofua, mama, majivu ya mti gani yanafaa, unayaacha kwa muda gani? Nimuulize kwa kutaka kujua kweli.

Tuje kwa mume na hela. Una njia kadhaa na kila moja ina uchungu wake.

Ile uliyoipanga, ifungwe akiwa safarini. Faida yake ni kwamba itakuwa imeisha. Hatari yake ni kwamba mashine ina ndoo ya chumvi inayotaka kujazwa, ina pampu inayolia, ina marejesho, haifichiki hata kwa wiki moja, na atakachokikuta siyo maji mazuri bali kitu alichokikataa kimefungwa kwenye ukuta wake wakati mama yake hana bati. Unaweza kuwa na bahati akacheka. Wewe unamjua, mimi simjui.

Njia nyingine ni kumwambia kabla. Nayo inatisha, na sitakudanganya kwamba atapokea vizuri. Kinachonipa moyo ni kwamba bado hujafunga, bado kuna kitu cha kuamua pamoja, siyo kumpa taarifa tu. Na nina swali: je, aliwahi kuiona ile koili? Umeniandikia mimi mistari mizima kuhusu gamba linalolia kama kigae, na imefungwa kwenye gazeti chini ya sinki. Pengine yeye anajua tu kwamba hita imekufa tena. Mwanaume anayewaza bati na mwanamke anayewaza koili wanaweza kubishana mwaka mzima kila mmoja akiwa na haki yake. Kama utachagua kumwambia, anza na mkopo, usianze na maji, ukianza na maji itaonekana unajitetea. Na kuwe wawili tu, mama asiwepo.

Kuna pia habari ya fundi. Hela hairudi, hayo ni maneno yake. Mna maandishi? Kuna risiti, kuna ujumbe wa simu wenye kiasi na alichoahidi? Kama aliandika kwamba maji yatakuwa matamu, una la kumuuliza. Unaweza kumwomba asogeze tarehe mpaka upime maji maabara, fundi mkweli hatakataa maana hata yeye anahitaji hiyo namba ili apange mashine. Maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji ipo hapohapo Dodoma, peleka sampuli, omba ugumu, kloraidi, chuma na floridi. Akikataa kusogeza hata wiki mbili, hiyo nayo ni habari. Inawezekana ukapoteza sehemu ya hela ukijitoa, na inauma, ila linganisha na kuongeza milioni 1 na laki 9 nyingine juu ya kitu usichokijua vizuri. Au inawezekana vipimo vikaonyesha ugumu ni mkubwa kweli, na mashine ndo inayofaa, mkapunguza ukubwa wake ihudumie hita na bafu tu.

Wakati unafikiria, hita iliyopo ishushe joto, ukiiweka kama nyuzi 55 au 60 gamba linaota taratibu zaidi kuliko ikichemka mpaka mwisho. Shawa ifungue uiloweke usiku kucha kwenye siki, vitundu vitafunguka. Na mvua, jamani. Dodoma tunapata kama milimita 550 mpaka 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na kila milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Paa la mita 100 za mraba likikosa robo ya mvua hiyo bado linakupa zaidi ya lita 40,000 za maji laini kabisa, yasiyo na kalisiamu wala chumvi. Shida ni pa kuyaweka, simtanki kubwa siyo bei ndogo, na mvua ya kwanza lazima uiache isafishe paa kwanza. Ila maji ya kuogea mtoto na kufulia sare kwa miezi kadhaa yangepatikana. Nimeona nikutajie kwa sababu wewe na mumeo wote mnaongelea bati na maji kabla ya mvua, kila mmoja upande wake.

Lipi lianze, lipi lisubiri, sikuamulii mimi. Wewe ndo unalala humo ndani na unajua sauti ya mlango mumeo akirudi amechoka au akirudi na moyo mweupe. Hiyo hofu inayokunyima usingizi usijilaumu nayo sana, ulikopa ukiwa unamwangalia mtoto anajikuna usiku, mama gani asingefanya kitu. Jumamosi utakaporudisha rejesho, waulize pia wenzako wa kikoba kama kuna aliyefunga mashine hiyo na inamtendea vipi mwaka wa pili, siyo mwezi wa kwanza. Ukipata karatasi ya maabara niandikie namba zilizomo tuzisome pamoja, na uniambie daktari wa ngozi kasema nini kuhusu mtoto.